Yule Ambaye Hakuonja

Harufu ya uji wa mtama uliochachushwa, ule mzito unaokwaruza koo kidogo, hunirudisha Awindiri, kwenye ua wa baba yangu, mwaka nilipomaliza darasa la nne la sekondari. Ninyi mnaosoma, niwaambie tangu mwanzo: katika habari hii mwenye kosa ni mimi.

Matokeo yalikuwa yametoka. Nilipata daraja la pili. Kwetu hilo lilikuwa jambo la kuchinjiwa kuku, lakini si la kuchinjiwa mbuzi. Waliopata daraja la kwanza waliitwa darasa la tano la sekondari, na barua zao zilikuja na mihuri mizuri. Waliofeli walirudi shambani bila maneno mengi. Sisi wa katikati tulikaa tukingoja, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Alasiri moja akaja Mwalimu Yoasi, aliyetufundisha hesabu, kwa baiskeli kutoka Ediofe. Mama alimletea uji katika kibuyu. Kwetu hakuna mtu anayempa mgeni kinywaji bila kukionja kwanza mbele yake, ili mgeni ajue hakina sumu. Mama akapiga funda moja, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa. Mwalimu alikunywa, akashukuru, kisha akatoa bahasha ya kaki. Ilikuwa imeshafunguliwa.

"Chuo cha ualimu," alisema. "Wamekubali jina ya kijana. Wiki mbili, anaripoti."

Baba alikuwa askari mstaafu, mtu wa Koboko, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Aliigeuza bahasha mara mbili.

"Mwalimu, na mtoto yako? Samweli si alipata hii hii daraja ya pili?"

"Alipata, mzee."

"Yeye anaenda huko pia?"

Mwalimu aliangalia gurudumu la baiskeli yake. "Samweli iko na safari yake."

Alipoondoka, baba aliiweka barua katikati ya meza, tukaizunguka kama sahani iliyoletwa na jirani tusiyemjua.

"Umeona?" baba akasema. "Sisi tulionja. Yeye anatupa kitu, lakini mtoto yake hajaonja."

"Labda ni kitu mzuri tu," mama akasema.

"Kama iko mzuri, mbona hakupeleka wake?"

Maneno hayo yaliniingia. Niliinusa ile barua. Niliiinua kwenye jua nione kama kuna jina lililofutwa chini ya langu. Siku ya tatu nilimwona Samweli kwenye maegesho ya malori, amekalia sanduku jipya la bati, kubwa kama la mwanafunzi wa bweni.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Koboko."

"Shule gani huko?"

Alitazama viatu vyake. "Utasikia tu."

Nikajijibu mwenyewe: nafasi yangu ya darasa la tano imekwenda na sanduku lile, nami nimetupiwa makombo. Sikuwa na ushahidi hata wa kujaza kisoda, ila nilikuwa na miaka kumi na sita, na katika umri ule mtu akikasirika hujiona ana akili sana.

Baba aliniachia uamuzi. Nalitaja hili kwa sababu kwa miaka mingi nilimsingizia yeye. Niliikalia barua mpaka zikabaki siku mbili chuo kifunguliwe, ndipo nikaenda Ediofe na jibu langu, nimeliandika kwa Kiingereza changu kizuri kuliko vyote, kwamba sitakwenda. Mwalimu alilisoma akiwa amesimama.

"Umefikiri?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya."

Tena sikuishia hapo. Niliwaambia wenzangu kwamba Mwalimu Yoasi aliuza haki yangu kwa ajili ya mwanawe. Niliwaambia sokoni, nikawaambia jamaa za mama kule Ajia. Habari ilipendwa. Kila aliyekuwa na mtoto wa daraja la pili aliiongezea chumvi yake.

Darasa la tano hawakuniita. Nikawa karani wa kupima majani ya tumbaku, kazi niliyoifanya mpaka macho yakachoka.

Nilikuwa na mvi nilipokwenda Koboko kwenye matanga ya shangazi. Suruali ilichanika, nikaelekezwa kwa fundi cherehani. Nilimkuta Samweli, miwani imefungwa kwa uzi.

"Karani," akasema. "Toa suruali, chukua hii shuka ujifunge."

Nilikaa na shuka kiunoni, nikamuuliza alisoma shule gani.

"Shule?" Akacheka. "Lile sanduku lilikuwa la mjomba. Ndani vitambaa tupu. Nilikuja kujifunza hii cherehani."

"Na darasa la tano?"

"Nani angeniita na daraja ya pili? Chuo walimwambia baba alete jina moja. Tulikuwa wawili. Wewe ulinishinda kwa hesabu."

"Nilipokataa, mbona hukwenda wewe?"

"Siku mbili, ndugu yangu? Walishafunga orodha. Ile kitanda yako ya chuo ilikaa bure."

Mashine ikanguruma kidogo, ikanyamaza.

"Yale maneno yako yalifika mpaka hapa," akasema.

"Mzee aliyasikia?"

"Aliyasikia. Mama alitaka aje kwenu aeleze. Akakataa. Alisema mtoto wa matokeo ya katikati ndiye mwenye woga kuliko wote, kwa sababu yule wa mwisho hana kitu ya kuibiwa."

Nilitaka kuuliza mzee anaishi wapi siku hizi, nimfuate. Samweli akaniambia walimzika mvua zilizopita.

Sasa vijana hunijia na matokeo ya katikati, wananiuliza kama chuo fulani kinafaa. Huwaambia waende wakakione wenyewe kwanza, kabla ya kumshuku aliyewaonyesha njia. Hilo ni rahisi. Lililonishinda ni lile jingine. Wengi niliowaambia kwamba Mwalimu Yoasi ni mwizi wamekwisha kufa, na walikufa wakiniamini.