Sauti ya Mwita Majina

Kila asubuhi mwita majina wa mahakama yetu ya wilaya, hapa Java, huanza kwa kuchana masharubu, kisha huinusa sigara yake ya karafuu bila kuiwasha. Faili hulishika kwa ncha za vidole, utadhani lina upele. Akimwita tajiri, sauti humtoka kifuani ikafika barabarani; akimwita mkulima, humtoka puani. Bi Wagiyem alikuwa amekaa benchini tangu alfajiri, hatua nne tu kutoka mlangoni, na hati ya shamba la marehemu mama yake mapajani. Sheria inataka jina liitwe mara tatu. Yule bwana akaugeukia ukuta, akalinong'ona mara tatu kwa pumzi moja, akaandika: hakufika. Wakili wa jirani anayelitaka shamba akaingia peke yake, mlango ukafungwa.

"Mimi hapa! Nipo!" Wagiyem aliruka.

"Umeshaitwa mara tatu, bibi. Shauri linasikilizwa upande mmoja."

"Umemwita nani, masharubu yako? Shamba la mama yangu liende hivihivi, nami sijafungua hata mdomo?"

"Ungetega masikio."

Hata kumtazama hakumtazama. Alichana tena masharubu, akageukia kibanda cha kahawa ng'ambo ya uwanja, akapaza sauti: "Sukari vijiko viwili!" Njiwa wote wa paani wakaruka. Na muuza kahawa, mzee ambaye mji mzima unajua ni kiziwi, akaitika palepale: "Naam, bwana! Naja!"