Pawa ya Mama Chapa

Asubuhi ile shemeji yangu alipiga ukelele kutoka chumba cha mbele.

"Shemeji, pawa imeungua!"

Mimi nimezeekea juu ya mapaa ya watu. Kwetu mafundi wa kupaua, hilo ni neno la mbao na bati. Nilibeba ngazi na ndoo ya maji, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapanda. Bati lilikuwa baridi. Moshi sikuuona. Nikamwaga maji hata hivyo, kwa tahadhari.

Yakapita kwenye tundu la msumari, yakamdondokea kichwani.

Akatoka nje, maji yanachuruzika kwenye miwani, akanitazama nilivyochutama huko juu.

"Unafanya nini?"

"Nazima paua."

"Pawa, shemeji. Pa-wa. Ya kompyuta."

"Ungesema kompyuta."

"Na wewe ungeuliza kabla ya kupanda. Shuka taratibu. Ukimfikia dada yangu leo, atasema nimekuchoka mapema."

Huyo ndiye Mama Chapa, mdogo wake marehemu mke wangu. Jina amelipata kwa kazi, anawachapia watu karatasi. Watoto wa shule ya jirani wanadhani anachapa watu, kwa hiyo wakifika mlangoni wanapunguza kelele. Hajawahi kuwasahihisha.

Zamani alikuwa karani wa taipureta katika ofisi moja. Kompyuta zilipoletwa, wakamwambia asante. Akatafuta kompyuta kuukuu, akaifungua yote juu ya meza yetu ya chakula, ati anataka kumjua aliyemfukuza kazi. Mumewe wa wakati huo akamwambia achague, yeye au mashine. Tulimsaidia yule bwana kubeba mabegi.

Duka waliliendesha wawili, yeye na dada yake, katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Sasa yuko peke yake. Mimi hukaa karibu na mlango. Nasikia mashine inavyounguruma, nasikia wateja wanavyobishana naye na kushindwa. Siku inakwisha.

Siku ile mashine ilikuwa kimya. Alikuwa ameifungua ubavu. Akanionyesha kisanduku cha bati chenye feni, ndiyo pawa yenyewe, kinachopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wenzake humo ndani. Kilinuka kama nywele zilizoungua.

"Mitihani ya shule iko humu," akasema. "Mwalimu mkuu anaifuata jioni. Akiikosa, kazi ya shule inakwenda kwa wachapaji wale wa kona, na hairudi."

"Ikienda?"

"Nafunga chumba. Kadi za harusi peke yake hazinilishi."

Nikatazama chumba. Nikafikiria kimefungwa, na nyumba nzima kimya kama ile mashine.

"Twende," nikasema.

Pawa za duka kubwa la mjini hazishikiki kwa bei. Tukabaki na Orijino, muuza vifaa vya umeme ng'ambo ya barabara. Anaitwa hivyo kwa sababu kila kitu kwake ni orijino, hata kufuli lake la mlangoni, ambalo hufunguka kwa mpini wa kijiko. Ana kompyuta yake nyuma ya kaunta. Inapiga muziki tangu anafungua duka mpaka anafunga.

Mama Chapa alibeba kipande cha ubao alichokifungia taa za mbele za gari, alizozipata kwa fundi magari, na nyaya zake zinaning'inia.

"Hizo taa za nini?" nikamuuliza njiani.

"Mzigo. Pawa ni kama mchumba, shemeji. Usitazame alivyovaa. Mbebeshe kitu kizito uone."

Dukani palikuwa na kijana anachagua chaja na mama mmoja ameshika redio ndogo. Orijino alipouona ule ubao, tabasamu lake likapungua kidogo. Akaweka boksi jipya juu ya kaunta.

"Hii hapa, Mama Chapa. Wati mia sita. Imeandikwa, soma mwenyewe."

"Mimi nikijibandika hapa usoni 'miaka ishirini', utanioa?"

Orijino akanigeukia. "Mzee, hebu mwambie dada yako."

"Ni shemeji yangu," nikasema. "Na sithubutu."

Mama Chapa akaipima mkononi, akanipa na mimi. Nyepesi kama kopo tupu. Akaiunga na umeme, akachomeka kiwaya kifupi kati ya waya wa kijani na waya mweusi, ili iwake bila kompyuta. Feni ikazunguka.

"Si unaona," akasema Orijino. "Nzima kabisa."

"Hata mlevi anaweza kusimama. Tungoje atembee."

Akaunga taa ya kwanza, ikawaka nyeupe. Akaongeza ya pili, zote mbili zikawa njano. Alipoongeza ya tatu, zikawa nyekundu kama ncha ya sigara, kitu kikalia tap, na duka likajaa ile harufu ya nywele.

"Ni mpya," akasema Orijino. "Haijazoea."

"Haijazoea nini?"

"Umeme."

Kijana wa chaja akacheka mpaka akaegemea kabati. Orijino akaleta nyingine. Hii ilikuwa nzito, nilitaka kuisifu. Mama Chapa akatoa bisibisi kwenye mkoba, akafungua mfuniko. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi, hakikugusana na waya wowote.

"Hiki kina kazi gani?"

Orijino akakichungulia kama mtu aliyekutana na mgeni nyumbani kwake. "Kinaipa uimara."

"Kwa hiyo ikianguka, inaanguka vizuri."

Hapo yule mama akaanza kuigeuzageuza redio yake, akaisogeza karibu na sikio, akaitikisa.

Mimi moyo ulikuwa umeanza kunishuka. Jua lilikuwa linapanda na kabati la Orijino lilikuwa linakwisha. Lakini Mama Chapa alikuwa ametulia tuli, kichwa amekiinamisha upande. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe anasikiliza muziki.

"Wimbo mzuri," akasema.

"Eh, huo mzuri," akasema Orijino, akashusha pumzi.

"Na mashine yako haichoki. Inapiga kutwa nzima."

"Kutwa nzima. Hata umeme ukipanda na kushuka, yenyewe haina habari."

"Hongera. Ina pawa gani humo?"

"Kuukuu tu. Nilitoa kwenye mashine waliyoitupa ofisi moja. Huu mwaka wa ngapi sijui, haijawahi hata kukohoa."

Alilisema hilo kwa fahari. Kisha akausikia ulimi wake. Nilimwona alivyofumba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka na kukaa juu ya kaunta.

"Nipe hiyo," akasema Mama Chapa.

"Hiyo haiuzwi. Imechakaa."

"Basi mimi mjinga, niachie iliyochakaa. Nakulipa bei ya mpya. Mpya uivalishe mashine yako."

"Mama Chapa, bwana."

"Si orijino?"

"Ni orijino."

"Wati mia sita?"

Orijino akaanza kufuta kaunta.

"Kaka, si unafaidika?" akasema kijana wa chaja. "Unapata mpya bure."

"Au mpya zina tatizo?" akauliza yule mama, na redio akaiweka juu ya kaunta, mkono bado juu yake, kama mtu anayesubiri jibu ndipo aamue.

Orijino akaitazama redio. Akaitazama chaja. Akazima muziki.

Alifungua mashine yake polepole, kama anayeng'oa jino lake mwenyewe. Ile pawa ilitoka na vumbi la kutosha kupandia mche. Mama Chapa akaipuliza, akaunga taa zote. Zikawaka nyeupe, zikabaki nyeupe. Tukangoja. Akainusa, akaweka kiganja juu yake.

"Shika, shemeji."

Nikashika. Ilikuwa na joto kidogo tu, kama mto uliolaliwa, mtu ndio kwanza ameamka.

"Ni nzima," nikasema. Sikuiachia upesi. Mama Chapa akajifanya anakunja nyaya.

Kufika nyumbani akaifunga, akabonyeza. Mashine ikanguruma. Mitihani ilikuwepo yote. Printa ikaanza kutema karatasi na chumba kikapata uhai, na mimi nikakaa nikiisikiliza kama redio.

Alasiri Orijino akaja, akasimama mlangoni.

"Mama Chapa, ile mpya imekufa."

"Pole. Ulinunua wapi?"

Orijino akageuka kulitazama duka lake.

"Nenda ukawadai," akasema Mama Chapa, macho kwenye printa. "Wana duka zuri tu hapo ng'ambo."

Orijino alijitahidi kukasirika. Nilimwona kabisa. Mdomo ukamsaliti, akacheka, akakaa juu ya boksi la karatasi.

"Kesho nitakuja na ubao wangu," Mama Chapa akamwambia. "Tutazipima zote zilizobaki kabatini, za kutupa utupe. Lakini leo una mikono miwili na mimi nimechelewa. Bana."

Akamrushia stepla. Nyingine akanipa mimi. Kazi ya kubana ilikuwa ya dada yake. Hakulisema hilo, na mimi sikulisema. Tukabana, mzee mmoja na mwingine wa kujizeesha, Orijino akilalamika kuhusu kiuno chake na mimi nikimwambia hicho nacho hakijazoea umeme.

Mwalimu mkuu alipofika, mafungu yalikuwa yamepangwa mezani. Ni mtu wa kukagua. Akavuta mtihani mmoja, akaufungua, akaugeuza.

"Huu umebanwa kona ya kulia."

Akavuta mwingine. "Na huu."

Orijino akanitazama. Mimi nikaitazama dari.

"Hiyo ni ya wanaotumia mkono wa kushoto," akasema Mama Chapa, bila kupepesa jicho. "Wafungue bila taabu. Huduma mpya."

Mwalimu akafikiri kidogo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema muhula ujao nao ataileta hapahapa, maana wale wa kona hawana fikra kama hizo. Akabeba mitihani yake.

Gari lilipopinda kona, Mama Chapa akanigeukia.

"Wewe shemeji unatumia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi hata kisingizio huna."