Njia Iliyozunguka Jiwe

Mama mdogo alistaafu ukunga akiwa na kiwanja kimoja na sharti moja. Kiwanja kilikuwa nje ya mji wa Tabora, upande wa kwenda Usoke, kwenye mteremko wenye miti ya miombo na mawe makubwa ya kijivu, na chini yake mbuga inayolimwa mpunga. Sharti lilikuwa kwamba miti yake isikatwe. Miaka yote alikuwa amepanga mtaa wa Cheyo, mjini, katika nyumba ambayo bati lake lilikuwa karibu na kichwa, na alisema amechoka kuishi ndani ya sufuria.

Mimi ndiye msanifu majengo pekee katika ukoo wetu. Nilisoma Dar es Salaam, nikabaki huko miaka michache nikichora maghorofa ya watu ambao sikuwahi kuwaona, kisha nikarudi nyumbani. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa ya kwanza kuichora peke yangu, kuanzia mstari wa kwanza. Niliogopa tangu siku aliyonikabidhi, ila mwanzoni niliogopa mambo yasiyo yenyewe.

Niliogopa kuchekwa. Wengine waliokuwa wakijenga jirani walileta katapila, wakasawazisha ardhi ikawa kama meza, wakang'oa kila kilichoota, kisha wakapanda maua kwenye makopo. Mimi nilichora nyumba ya vipande vitatu inayoshuka na mteremko kama ngazi: sebule juu, jiko katikati, na chumba cha kulala chini kabisa, kati ya mawe mawili makubwa, kana kwamba kiliota hapo chenyewe. Kuta zingekuwa za matofali ya udongo wa palepale, ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono na kutiwa saruji kidogo. Bati nililiinua juu ya kuta ili upepo upite. Baraza niliipindisha ili kuupisha mti wa mninga.

Mama mdogo aliikunja ramani akaitia mkobani, akawa anakwenda nayo kila mahali. Kwenye shughuli za harusi aliitandika juu ya mkeka na kuwaambia wenzake kwamba mwanawe ndiye aliyeichora.

Fundi tuliyempata alikuwa mzee wa mjini, wa ukoo wa waashi, mtu wa kofia ya kufuma na sauti ya chini. Alifanya kazi kwa mpango na hakunibishia hata pale nilipojua kwamba hakubaliani nami. Kuta zilipofika usawa wa madirisha, siku ya Jumatatu, alitoka kuswali adhuhuri chini ya miti, akaja akasimama karibu yangu bila kuchukua mwiko.

Kando ya kiwanja kile inapita njia ya miguu. Wenyeji husema ndiyo njia ya zamani ya misafara, ya wapagazi waliotoka pwani kwenda Ujiji. Inakuja imenyooka kutoka mjini, lakini ikifika kwenye mawe yetu inakunja, inapanda, inalizunguka jiwe kubwa kwa juu, ndipo inashuka tena. Mimi niliipenda ile kona. Niliichora hata kwenye ramani, kwa kalamu ya kijani, kama pambo.

Fundi aliitazama ile kona. "Mwanangu," akasema, "mtu aliyebeba mzigo kichwani hazunguki bila sababu. Kwa nini hawa hawakupita katikati ya mawe?"

Nilimjibu kwamba labda palikuwa na miiba. Nikamkumbusha kwamba nilipima mteremko wote kwa mashine, na sikuona korongo lolote.

"Mashine uliileta kiangazi," akasema, akarudi kazini.

Mchana ule sikufanya chochote cha maana. Nilikwenda kati ya yale mawe nikachuchumaa. Kwenye jiwe la kushoto, usawa wa paja, kulikuwa na mstari mweupe ambao siku zote nilidhani ni rangi ya jiwe. Jiwe la kulia lilikuwa na mstari huohuo, usawa uleule. Nikagusa mchanga chini. Ulikuwa laini, umechekechwa, kama mchanga wa mtoni.

Kesho yake asubuhi niliteremka mbugani kwa mama mmoja mtu mzima anayelima mpunga pale. Nilimwamkia kwa Kinyamwezi changu kibovu, akaitikia, akacheka kidogo, kisha nikamweleza shida yangu. Alipanda nami hadi kwenye ujenzi, akaingia kwenye kile chumba cha kati ya mawe kupitia nafasi ya mlango, akasimama katikati na jembe lake begani. Alisema maji hayaji kila mwaka kwa namna moja. Mwaka wa mvua chache yanapita kimyakimya. Mwaka wa mvua nyingi wao huyasikia wakiwa kule chini mashambani. Aliwahi kufunga mbuzi hapo, akarudi akakuta kipande cha kamba.

Nilimuuliza kwa nini hawakutuambia tulipoanza kuchimba msingi. Alinitazama kwa huruma. "Hamkuuliza," akasema. "Nasi tulidhani ni banda la kuwekea vitu."

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Jua lilikuwa bado kali, lakini alasiri mawingu yalianza kujikusanya upande wa mashariki na kutawanyika, na kila yakijikusanya nilishindwa kula. Nilijifungia nikichora. Nilichora msingi mnene zaidi, mfereji wa kupita chini ya sakafu, nguzo za zege. Kila mchoro ulikuwa njia ya kutomwambia mama mdogo. Fundi nilimwomba asimamishe kazi ya chumba, nikasema tunasubiri fremu za madirisha. Hakuuliza fremu zinatoka wapi.

Jumamosi mama mdogo alikuja kwa bodaboda, amebeba chupa ya chai na chapati. Aliingia moja kwa moja kwenye chumba chake, akageuza ndoo, akakaa juu yake. Akaanza kupanga. Kitanda kikae huku, ili akiamka aone mawe. Mkeka wa kuswalia pale. Aliniuliza naonaje.

Nikasema hapo patafaa.

Fundi alikuwa nje ya dirisha akilowanisha matofali, na alisikia. Mama mdogo alipoondoka alikuja kunawa mikono, akanawa polepole. "Leo utamwambia wewe," akasema. "Kesho nitamwambia mimi." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilimfuata mama mdogo Cheyo alasiri ileile. Nilimkuta uani anachambua mchele, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia ile njia mpaka yule mbuzi. Alivua miwani. Aliniuliza jambo moja tu, nimejua lini. Nikasema Jumanne.

"Na leo ni Jumamosi," akasema. Akausukuma ungo pembeni. "Kazini kwetu, mama akipata shida, kile kipindi unachotafutia maneno mazuri ndicho kinachomuua. Bomoa."

Tulibomoa kwa siku mbili, tofali mojamoja, ili tuweze kuyatumia tena. Mahali pengine pa kuweka chumba palikuwa juu tu, nyuma ya jiko, na hapo palikuwa na mti wa mtundu, mmoja wa miombo yake. Nilirudi kwake kwa mara ya pili ndani ya juma moja na uso wangu uleule. Alifikiri, akakubali, na siku ya kuukata alikuja akasimama mpaka ukaanguka. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Chumba chenyewe kilikaa pale kama mgeni aliyechelewa kufika, hakikushikamana na vingine, na mpaka leo nikiutazama mchoro wa kwanza naona ulikuwa mzuri kuliko nyumba.

Mvua kubwa ya kwanza ilitukuta saa saba mchana, kenchi za paa zimepigwa na bati limefika nusu. Tulikuwa watatu sebuleni: fundi, mama mdogo na mimi. Kwa muda hakukuwa na kitu ila kelele za bati. Kisha, kati ya mawe mawili, maji yakaja. Yalikuwa ya rangi ya kahawia, yamebeba matawi na ndala moja, na yalipanda mpaka kwenye ule mstari mweupe. Yalipita mahali pa kitanda, yakapita mahali pa mkeka. Fundi alisema jina la Mungu kwa sauti ndogo. Mama mdogo alinishika kifundo cha mkono, pale wanapopima mapigo, akabaki amekishika.

Maji hayakuigusa nyumba, lakini mvua ya upepo iliipiga kona ya jiko ambayo bati lilikuwa halijaifikia. Tuliona udongo ukivimba, kisha uso wa ukuta ukamomonyoka kama mkate uliolowa. Nilitaka kukimbilia turubai, fundi akanizuia, akasema ukuta ule umeshalowa. Tuliitengeneza mvua ilipokatika, safari hii kwa mawe upande wa chini.

Sasa ni mwaka wa tatu anaishi pale. Ndani kuna ubaridi hata Oktoba, na watu huja kuiangalia. Bwana mmoja wa Nzega alitaka nimchoree nyumba ya wageni juu ya mawe. Nilimwambia nitachora nikishaona kiwanja chake masika nzima, naye akaenda kwa mwingine. Fundi alinisifu kwa jibu lile. Sikumwambia kwamba lilikuwa woga tu, wala kwamba mvua ikianza mjini huwa naacha nilichoshika na kumpigia simu mama mdogo.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikapita moja kwa moja hadi kwenye kona ya jiko. Kuna ufa mwembamba pale, nimeuwekea alama za penseli ili nijue kama unarefuka. Nilikuwa nimeinama napima kwa kidole nilipomsikia nyuma yangu.

"Umekuja kuniona mimi, au umekuja kuuona ukuta?"

Nilisikia haya. Nikaweka penseli mfukoni, nikaenda kukaa naye barazani, akanimiminia chai. Alianza kunisimulia habari za jirani aliyejifungua mapacha, na nikajitahidi kumtazama yeye tu.