Mizigo Isiyonuka

Baba yangu alijifunza upinde Kitui, nyuma ya duka letu, akifundishwa na jirani Mkamba aliyemcheka kila siku. Tulipohamia London alibaki na masimulizi tu, kwa sababu Uingereza kuwinda kwa upinde ni kosa, na hata kama lisingekuwa kosa, Stanmore, mtaani kwetu, hakuna cha kuwinda ila paka wa watu. Kisha kaka yake, aliyekwenda Kanada badala ya kuja huku na sisi, akapiga simu. Amepata kibali cha kuwinda kulungu milimani. Aje.

Baba akafunga mizigo mwezi mzima. Sebule ikajaa buti, sweta za sufu, mfuko wa kulalia, filimbi ya kupuliza akipotea, na podo la mishale ambalo mama aliliruka kila alipopita na trei ya chai. Mtu mwenyewe ni muuza magazeti, lakini sasa alikuwa akinyata ndani ya nyumba, akimvizia yeyote aliyekuwa anaosha vyombo. Tulivumilia.

Shida ilianza na simu ya pili. Baba mkubwa alisema mnyama hakuoni kwanza, anakunusa. Nguo zote zifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato, zianikwe nje, zifungwe mfukoni, zisikaribie jiko. Baba alisikiliza akiitikia, "Ndiyo kaka, ndiyo kaka," kisha akageuka akamtazama mama.

Hapa lazima nieleze habari ya harufu. Tulipofika nchi hii tulipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kiingereza aliyemkataza mama kukaanga chochote, hasa vitunguu. Mama, binti wa Mombasa, akapika viazi vya kuchemsha mpaka tulipohama. Makoti yetu ya kazini na shuleni tuliyatia kwenye mifuko ya plastiki, chumbani, mlango umefungwa, ili Waingereza wasitunuse kabla ya kutusalimu. Familia zote tulizozijua zilifanya hivyo, na hakuna aliyelizungumza. Tulipopata nyumba yetu wenyewe, mama aliapa kwamba humo hataulizwa na mtu habari ya vitunguu vyake.

"Wiki moja tu, bibie," baba alisema. "No frying. Ukitaka, chemsha."

"Nichemshe?" Mama aliweka mwiko chini. "Kulungu wa Kanada naye ndiye mwenye nyumba?"

Siku hiyo akakaanga bhajia, na kesho yake samaki. Baba naye akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui mtu mwenye akili timamu hulifanyaje. Alizibeba nguo zake zote za kuwindia akazipeleka kwa jirani, mjane wa Kiingereza aliyekuwa akifunga madirisha yake, kwa adabu sana, kila kitunguu chetu kilipogusa mafuta. Akamweleza kwamba nyumbani kwetu kuna harufu. Jirani alisema anaelewa kabisa.

Mama hakugomba. Ningependa angegomba. Aliosha karai, akalipangusa, akalifudikiza kabatini, na siku zilizobaki tukala mkate na jibini. Nyumba ikanuka kama benki. Nilimwonea mama uchungu, na baba nilimkasirikia kiasi kwamba ilikuwa heri ule upinde ulikwisha kufungwa mizigoni.

Siku ya safari baba alirudi kutoka kwa jirani amevaa kamili, ananuka mbwa wa yule mjane. Teksi ilikuwa nje. Akasimama mlangoni, akingoja. Kwetu mtu hasafiri bila chakula. Hata anayekwenda Birmingham hupewa sambusa za kutosha behewa zima. Akatazama mikono ya mama.

"Chakula cha njia kiko wapi?"

"Hakuna," mama alisema. "Nimeogopa kukutia aibu mbele ya kulungu."

Teksi ikapiga honi. Baba akatua begi, akaingia jikoni na buti zake, akalitoa karai, akamimina mafuta, akaanza kukata kitunguu kwa kisu cha kuwindia. Vipande vyenyewe vilikuwa vya kulishia ng'ombe.

"Nisamehe," alisema, macho yakimtiririka, nusu kwa sababu ya kitunguu. "Nimekuuza kwa jirani."

Mama alimwacha ateseke kadiri alivyostahili, kisha akamnyang'anya kisu. Dereva akaitwa ndani, akala. Baba aliondoka na bhajia za moto ndani ya jaketi lake la mawindoni, zikimpenyeza mafuta kifuani.

Alirudi bila nyama. Mama akamwuliza kama alimwona japo kulungu mmoja.

"Mmoja. Alikuwa karibu, nimeshavuta upinde, nimeshasema bismillahi. Akainua pua, akanusa. Akanitazama. Akaondoka zake taratibu, hata hakukimbia."

"Hakutoa hata sauti?"

"Hata kidogo."

"Basi huyo Mwingereza," mama alisema, akawasha jiko.