Fundi Rangi na Shoga Yake Twiga

Mtaani walimwita Fundi Rangi, maana kabla yake hapakuwa na mwanamke aliyepaka nyumba za watu kwa mkono wake. Shoga yake aliyefanya naye kazi alikuwa Twiga, jina alilopewa kwa urefu wake. Dari la kawaida alilifikia kwa kupanda juu ya ndoo tu.

Walijuana kliniki, kwenye benchi la kusubiri majibu. Wote wawili walikuwa wakitafuta mtoto, ila Twiga alikuwa keshaachwa.

"Sasa unapima ya nini?" Fundi akamuuliza.

"Nijue mwenyewe. Nimechoka kusimuliwa mwili wangu na mawifi."

Wakacheka mpaka nesi akawakanya. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete.

Fundi alikuwa na miaka saba ndani ya ndoa. Mama mkwe wake, kila akija, macho yalitangulia tumboni, salamu zikafuata. Hatimaye Fundi akaitwa kikao. Shangazi wa mume ndiye aliyesema: "Kijana wetu ataongeza mke. Tumekuita upate habari, hatukuombi ruhusa." Mume alikuwa anachezea kishikizo cha shati.

Kesho yake kazini Fundi alipaka ukuta mmoja mara mbili bila kujua. Twiga akamnyang'anya brashi.

"Kuna nini?"

Akamweleza yote.

"Na yeye alipima?"

"Alipima zamani. Aliniambia yuko salama."

"Cheti ulikiona?"

"Twiga, mume wangu si mwongo."

"Sijamwita mwongo. Nimeuliza kama ulikiona."

Jioni Fundi hakuvua hata ovaroli. Alimkuta mume sebuleni, akamwomba cheti.

"Sikwenda," akasema. "Nilifika getini nikaogopa."

"Mimi nimechomwa sindano miaka minne, wewe umeshindwa na geti?"

Hakupiga kelele. Alifungasha nguo zake, na pale mlangoni akamwambia, "Ukishapima, njoo unifuate. Ukishaoa, niletee talaka yangu." Akahamia chumbani kwa Twiga, wakalala kitanda kimoja mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, maana miguu ya Twiga ilihitaji uwanja wake.

Wiki ya tatu mume alikuja hadi kwenye nyumba waliyokuwa wakiipaka. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Tatizo ni langu," alisema, na Twiga akiwa pale pale anasikia. "Mama nimeshamwonyesha. Shangazi pia. Nimewaambia wasikutaje tena."

Fundi aliisoma karatasi yote, mstari kwa mstari. Ushindi aliodhani angeusikia haukuja. Alimwona mtu aliyebeba woga peke yake muda mrefu, na bado hasira yake haikuisha.

"Nimekusikia," akamjibu. "Nitarudi nikimaliza nyumba hii. Nikimaliza, si kabla."

Alirudi baada ya siku tisa. Jumapili iliyofuata mama mkwe alibisha hodi, akamtazama usoni na kusema, "Mwanangu, tulikukosea." Fundi akamkaribisha ndani.

Mtoto hawakupata. Wakwe walizoea, na waliokataa kuzoea walipunguza safari. Twiga alipochumbiwa tena, alimpeleka mchumba kliniki kwanza, Fundi akiwasindikiza, na wakarudi wote watatu wakicheka. Siku hizi shoga hao wawili wana mafundi sita chini yao, wanawake watupu, na ukitaka wakupakie nyumba, jiandae kungoja zamu.