Kabla hujanunua kagari "kanakonusa tu mafuta", soma kilichotupata tukishuka kutoka Momela

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu nawasamehe, najua hamna mpango wa kunisalimia.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, siyo ya kusimuliwa. Asiyeamini apite kimya kimya, leo sina nguvu za kubishana na mtu.

Jana binti yangu Neema kanitumia picha. Kagari kadogo keupe, kanang'aa. Chini ameandika: "Mama, nimepata. Hii inanusa tu mafuta. Muuzaji anasema mteremkoni ukiweka neutral ndiyo haili kabisa."

Jamani. Nilikuwa jikoni, nikazima jiko. Usingizi sijaupata mpaka kunakucha.

Ili mnielewe inabidi niwarudishe nyuma, miaka ile ya tisini, mambo yalipofunguliwa. Wa rika langu wanakumbuka. Zamani ukimwona mtu ana gari ujue ni mkurugenzi au ni gari la shirika. Ghafla Arusha ikajaa magari ya mtumba kutoka Japani na Dubai. Hata mwalimu, hata muuza vitenge kama mimi, tukaanza kuota gari.

Sisi hatukulitaka kwa sifa. Neema alikuwa na pumu.

Alikuwa na miaka minne. Tulikuwa tunakaa Sombetini, barabara mbovu, teksi hazifiki, simu za mkononi hakuna. Baridi ya Julai ikishuka kutoka mlimani, kifua cha mtoto kinaanza kupiga filimbi. Mara ya mwisho alipobanwa tulimpeleka hospitali nyuma ya pikapu ya kabichi, mimi nimemkumbatia, midomo yake imeanza kubadilika rangi. Nikasema Mungu wangu, ikitokea tena tukakosa hata hiyo pikapu?

Kwa hiyo tukaamua: gari. Ila dogo, la kula mafuta kidogo, maana gari likikaa bila mafuta nalo ni pambo tu.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa mwalimu wa sekondari. Mtu mzuri sana, ila kwenye habari za mafuta alipagawa. Kila gari swali lake ni moja: inakula kiasi gani?

Na mimi swali langu lilikuwa moja: breki ya mkono iko wapi?

Msinicheke. Mimi ni muoga, na uoga wangu nimetoka nao kwetu Machame. Kule kwetu ni vilima mwanzo mwisho. Lori likipaki, utingo anaruka kwanza na jiwe la kuzuia tairi. Nikiwa mdogo niliona lori moja likianza kurudi nyuma lenyewe, taratibu, hakuna mtu ndani, na watu wanakimbia. Tangu hapo nikipanda gari lolote macho yangu yanakwenda kwenye ile fimbo ya breki ya mkono, pale katikati.

Tukabaki na magari mawili.

La kwanza Starlet ya bluu ya mama mmoja mstaafu, imepauka, haina redio, mlango wa nyuma unafunguka kwa kubembelezwa. La pili kagari ka rangi ya fedha, kametoka bandarini juzi, viti bado vina nailoni. Jina lake sitalitaja. Gari lenyewe halikuwa na kosa, mtaona.

Hako ka fedha kalikuwa mikononi mwa dalali anaitwa Godi. Kijana mtanashati, ana maneno matamu. Nilipomuuliza breki ya mkono akaangua kicheko. "Mama Neema, unanunua gari au unanunua nanga?"

Baba Neema naye akacheka. Lakini niliiona. Ipo hapo katikati ya viti viwili vya mbele.

Godi akasema tusipige maneno, twende safari tukaone mafuta yanavyogoma kuisha. Baba Neema akachagua Momela, kule juu mlimani kwa mama yake. Ukweli alitaka mama alione gari.

Tukaondoka Jumamosi asubuhi. Godi anaendesha, Baba Neema kando yake, mimi nyuma na Neema mapajani. Nilikaa katikati kabisa ili nione njia. Godi akanitania tena, eti mama mkubwa umekaa kama trafiki.

Kupanda hakukuwa na shida. Kagari kakapanda kama mbuzi, vumbi tu.

Sasa kufika kwa mama mkwe ndipo mambo yakaharibika. Mama ni Mlutheri wa damu. Alipoona gari hakuuliza ni la nani. Akaweka mikono miwili juu ya boneti, akafumba macho, akaliombea. Sala ndefu, kuanzia matairi mpaka taa. Alimwomba Mungu alifikishe salama kila liendako.

Nikamtazama Baba Neema nikitegemea atasema mama, bado hatujanunua. Wapi! Amefumba macho, anaitikia amina kwa sauti. Godi naye amina! Mnajua nyumba zetu hizi. Gari likishaombewa na mama, nani tena ataenda kumwambia tumeliacha?

Tukanywa maziwa, tukapakiwa mkungu wa ndizi na gunia la viazi kwenye buti, tukaanza kurudi. Gari sasa limeinama nyuma.

Tulipofika mahali barabara inapoanza kuteremka kwelikweli, Godi akasema, "Mwalimu, sasa angalia mshale wa mafuta."

Akatoa gia, akaweka neutral. Halafu akashika ufunguo, akazima injini.

Wakuu, ukimya ule siusahau. Mngurumo umekatika, unasikia changarawe tu chini ya tairi na upepo dirishani. Na gari linazidi kwenda.

"Mbona umezima?" nikauliza.

"Hapa ndiyo unakula bure, mama. Mpaka Usa, kule chini kwenye lami, hatuchomi hata tone."

Baba Neema ameinamia dashibodi, anatabasamu. "Kweli bwana, mshale haujasogea!"

Miti inapita haraka. Nikasema, "Godi, washa gari." Akasema, "Usiogope, mama." Nikasema tena. Neema akanigeukia akaniuliza, mama kwa nini unanibana.

Tukakata kona. Mbele yetu, ng'ombe.

Kundi zima linavuka kwenda mtoni, mzee mmoja na fimbo yake nyuma yao. Kulia ukingo, kushoto mfereji na shamba la maharage.

Godi akakanyaga breki. Gari likapungua kidogo. Akakanyaga tena. Halafu mara ya tatu nikaona bega lake limeinuka, mguu umenyooka, anasukuma kwa nguvu zote, na gari haliitikii. "Imekuwa ngumu!" akapiga kelele. "Breki imekuwa ngumu!" Akashika ufunguo, ukamponyoka. Usukani nao anauvuta kama anang'oa kisiki.

Baba Neema aliweka mikono miwili kwenye dashibodi, akafumba macho kama vile alivyofumba kwa mama.

Sikufikiri. Nawaambia ukweli, sikuwa na akili yoyote kichwani. Mkono wa kushoto nilimgandamiza Neema kifuani, wa kulia ukaenda wenyewe pale macho yalipokuwa yakipaangalia siku nzima. Nikaishika ile breki ya mkono, nikaivuta kwa uzito wangu wote mpaka nikahisi kitu kinakatika begani.

Nyuma ya gari ikahama. Vumbi likajaa, sioni kitu. Tukazunguka ubavu, tairi la nyuma likatumbukia mferejini, pwaa, tukasimama.

Vumbi lilipotulia, ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa amesimama kwenye dirisha, anatuangalia. Hakuguswa hata mmoja. Yule mzee alikuja mbio, akatuchungulia wote, akasema neno moja tu: "Mtoto?"

Mtoto alikuwa mzima. Lakini lile vumbi na ule mshtuko... kifua kikaanza kupiga filimbi.

Hapo ndipo niliogopa kuliko pale kwenye mteremko. Tumetafuta gari la kumwokoa mtoto, na gari lenyewe ndilo linataka kumuua, tena katikati ya mashamba, hakuna hata pikapu ya kabichi. Nikamtoa nje, nikamkalisha wima kwenye nyasi mbali na vumbi, nikampa dawa yake niliyokuwa natembea nayo kwenye mkoba. Nikawa nahesabu naye pumzi, moja, mbili, huku machozi yananitoka. Mzee akavua shuka lake akamfunika miguu.

Mungu ni mwema. Kifua kikaachia taratibu.

Huku nyuma Godi na Baba Neema na vijana wa shambani wameshanyanyua gari. Halina hata mkwaruzo wa maana. Na Godi, wakuu, Godi akanijia anajifuta jasho, akasema: "Lakini mshale mmeuona, haujasogea."

Nikambeba Neema mgongoni, nikaanza kushuka kwa miguu.

Sasa vuteni picha. Mimi natembea mbele na mtoto mgongoni. Kale kagari kananifuata nyuma, injini imewashwa, gia ya kwanza, Baba Neema ametoa kichwa dirishani ananibembeleza, "Mama Neema, panda basi, watu wanatuangalia." Nikamwambia waache waangalie. Nilitembea hivyo hivyo mpaka barabara ya lami.

Mnadhani yaliishia hapo? Jumatatu yake Baba Neema anasema gari halina kosa, kosa ni la Godi. Tena anaongeza, "Na mama ameshaliombea."

Nikamwambia, mama aliomba tufike salama. Tumefika. Maombi yamemaliza kazi yake.

Lakini kilichonitisha hakikuwa gari. Hapo alisema kweli, gari halikuwa na kosa. Kilichonitisha ni lile tabasamu lake alipokuwa anaangalia mshale. Nilijua gari lolote tutakalonunua, siku moja atakuwa peke yake na Neema kwenye mteremko, ataona mafuta yanaisha, na mkono utakwenda kwenye ufunguo. Na mimi sitakuwa kiti cha nyuma.

Kwa hiyo nikatoa sharti. Tunachukua Starlet ya bluu, na dereva ni mimi.

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi, ninayefumba macho nikivuka barabara! Lakini nilijifunza, kule Kisongo kwenye njia tambarare, nikitoka jasho hadi viatuni. Mwalimu wa udereva ndiye aliyenieleza: breki za magari yale zinasaidiwa na injini. Ukiizima, unabaki na kukanyaga mara moja au mbili, kisha pedali inakuwa jiwe. Ile ya mkono inavutwa na waya, haijali injini. Sikuwa najua haya siku ile. Niliokolewa na uoga tu.

Julai iliyofuata, asubuhi ya ukungu, Neema akabanwa. Niliendesha kutoka Sombetini hadi hospitali meno yanagongana, nimeshika usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Gia ya pili njia nzima, nimesahau kuna ya tatu. Tulifika. Daktari alisema tumewahi.

Na kale ka rangi ya fedha? Godi alikauza. Nilikaona sokoni, mama mmoja anapakia vitu, ana watoto wawili nyuma. Nikashindwa kupita. Nikamwendea nikamwambia, "Dada, samahani, mteremkoni usiruhusu mtu azime injini. Na breki ya mkono ni ile pale." Akaniangalia juu mpaka chini, akafunga mlango. Mpaka leo sijui habari zao.

Basi, funzo langu ni dogo. Kila mtu anauliza gari linakula kiasi gani. Sawa, ulizeni, maisha magumu. Lakini ulizeni pia linasimamaje, na anayeliendesha ana tabia gani akiona mteremko. Hata mafundi wa siku hizi wanasema gari la kisasa likishuka ndani ya gia, umeutoa mguu kwenye mafuta, halichomi kitu. Hiyo neutral mnajiua bure.

Nilimpigia Neema asubuhi nikamweleza yote haya. Akacheka, "Mama, mimi nakumbuka ng'ombe tu." Akaniahidi hatazima wala hataweka neutral. Baba yake pia aliahidi, apumzike kwa amani, na aliitimiza kwa sababu ufunguo ulikuwa kwangu.

Nikamwambia Jumamosi naenda naye kulijaribu, na nitakaa nyuma, katikati. Wajukuu niwapakate mimi.

Halafu akasema, "Mama, hili breki yake ya mkono siyo ya kuvuta. Ni ya kukanyaga, iko kule chini kwa dereva." Akanitumia picha nyingine. Katikati ya viti vya mbele hamna kitu. Kuna kishimo cha kuwekea chupa ya maji.

Nimeiangalia picha hiyo tangu asubuhi.

Wakuu mnaomiliki haya magari mapya, naomba mniambie bila kunicheka: mtu aliyekaa kiti cha nyuma akitaka kulisimamisha, anashika wapi?

Nijibuni kabla ya Jumamosi.