Rangi Iliyoitwa Kikombe

Ukiingia kwenye chumba cha Fundi Kadi leo, kitu cha kwanza utakachokiona si kadi. Ni ubao. Umetundikwa karibu na mlango, penye mwanga, na juu yake vimepangwa vipande mia moja na ushee vya manila nyeupe, kila kimoja kina mstari wa rangi na jina lake chini. Majina yenyewe si yale ya dukani. Ipo Damu ya Mzee, sawa, hiyo kila mtu anaijua. Lakini ipo pia Sare Iliyofuliwa Mara Kumi, lipo Ganda la Ndizi la Juzi, ipo Chai ya Mgeni, ambayo ni hudhurungi yenye maziwa mengi, na kando yake Chai Yetu Wenyewe, ambayo maziwa haijayaona. Wateja husoma huku wanacheka. Halafu macho yao hufika mstari wa tatu kutoka chini, kwenye zambarau moja nzuri tu, yenye duara la doa kuizunguka, na chini yake pameandikwa: Kikombe.

"Mama, hii mbona inaitwa Kikombe?"

Hapo Fundi Kadi huweka mkasi chini. Na mimi nitawasimulia kama anavyosimulia yeye, ila nitakaa nayo kidogo zaidi, maana yeye huipita mbio kama mtu aliyekanyaga makaa.

Fundi Kadi hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kukata maua kwenye kalenda zilizopitwa na wakati na kuyabandika kwenye karatasi, akawapa jirani, jirani wakaagiza. Miaka ikaenda, akapata chumba nyuma ya duka la fotokopi, akanunua kalamu za rangi moja moja, zile nene za wino wa spiriti ambazo wengine huziita makapeni. Alikuwa mwepesi wa mkono na alijua kwamba ni mwepesi. Akitaka bluu, alitazama vifuniko, akachomoa chenye bluu aitakayo, kazi ikaanza. "Mimi rangi ninazo kichwani," alikuwa akisema, na kwa miaka mingi hakuna aliyembishia.

Kisha akaja wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, kumsaidia. Huyu alikuwa na utaratibu mwingine kabisa. Kalamu mpya ikiingia, hakuigusisha kadi ya mtu. Alikata kipande cha manila ile ile itakayotumika, akapitisha wino mara moja, pembeni akapitisha mara mbili, akaandika namba ya kalamu, akakiacha. Kesho yake alikipeleka mlangoni, akakitazama juani, ndipo akaipa rangi jina. Hakuishia kwenye kalamu. Penseli za rangi alizijaribu, rangi za maji alizijaribu, hata wino wa mihuri. Vipande vyote alivitoboa tundu, akavitunga uzi, akaviweka kwenye kopo la biskuti.

"Wifi," Fundi Kadi alimwambia siku moja, "hiyo kalamu unaijaribu au unaiposa?"

"Naiposa. Wewe uliyeoa kwa kutazama kilemba, tutakuja kukuuliza habari za nyumbani."

Walicheka, maana hao ni mawifi, na mawifi wasipochokozana watu hudhani wamegombana. Lakini Fundi Kadi hakuwahi kulifungua lile kopo.

Sasa, akaja karani wa shule ya jirani. Mwalimu mkuu wao alikuwa anastaafu, zikatakiwa kadi sitini za mwaliko, kila moja na shada la maua ya rangi ya sare ya shule, samawati iliyopoa. Karani alikuja hata na kitambaa, alichokikata kwenye upindo wa sketi kuukuu. Alipokuwa akisubiri, akalifungua kopo la biskuti, akaanza kusoma majina, akacheka mpaka akakaa.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi," alisema wifi.

"Basi dada, tunatafuta mtu wa kuwafundisha watoto kazi za mikono, alasiri mbili kwa wiki. Jina lako nalipeleka kwa mwalimu mkuu mwenyewe, kabla hajaondoka."

Wifi alishukuru kwa sauti ndogo. Hakuwahi kupata kazi iliyomwita kwa jina lake. Na Fundi Kadi, aliyekuwa akipiga mstari kwa rula, alikosea mstari. Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumwambia yeye akafundishe. Husema mwenyewe kwamba ukitaka kujua aibu yake ilianzia wapi, usianzie kwenye kadi. Anzia kwenye ule mstari.

Asubuhi iliyofuata wifi alimwekea kipande cha manila mezani. "Nimekuwekea hiki hapa, wifi. Kitazame kabla hujaanza."

"Mm," alijibu Fundi Kadi, kikombe cha chai mkononi.

Wifi akatoka kwenda kununua utepe. Fundi Kadi akatafuta pa kuweka kikombe, akakiweka hapo hapo, juu ya kipande. Akachukua kitambaa cha sketi, akapitisha jicho kwenye vifuniko, akachomoa kalamu ambayo kifuniko chake kilikuwa pacha wa kile kitambaa. Akapaka. Chini ya taa ya tyubu, wino ukiwa bado mbichi, ilikuwa samawati safi. Kufikia alasiri alikuwa amemaliza zote sitini, akazilaza kwenye boksi na karatasi laini katikati, akanyoosha mgongo. Hata chai aliimalizia imepoa, akarudisha kikombe palepale.

Kesho yake karani akaja. Alilibeba boksi hadi mlangoni, kwenye jua, akafunua kadi ya kwanza. Akaweka kitambaa juu yake. Akafunua ya pili, na ya tatu.

"Fundi, hii si zambarau?"

Fundi Kadi aliiona kabla hajaisogelea. Wino ulikuwa umelala, na ulipoamka ulikuwa mwingine. Maua sitini, yote zambarau. Nje kulikuwa na foleni ya fotokopi, watu watano au sita wenye vyeti mikononi, na wote walikuwa wamegeuka.

Ulimi wake ukawahi kuliko yeye.

"Wifi, si juzi ulizifuta hizi kalamu? Umevichanganya vifuniko."

Wifi aliinua macho. "Sikuvichanganya, wifi."

"Kwa hiyo vimejichanganya vyenyewe?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka kwa pua. Wifi akaitazama meza ya Fundi Kadi, akaitazama kwa muda, kisha akatazama sakafu. Karani alikunja kitambaa chake polepole.

"Fanyeni nyingine, nitapita Ijumaa," alisema. Halafu, bila kumtazama wifi: "Na lile suala la watoto, dada, tulisimamishe kwanza. Kule kalamu ni nyingi, na vitu vya shule vikichanganywa maneno yananirudia mimi."

Wifi alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kiti. "Kichwa kinaniuma kidogo," alisema, akaenda zake.

Fundi Kadi alianza kusafisha meza ili mikono yake ipate la kufanya. Aliponyanyua kikombe, kipande cha manila kikanyanyuka nacho, kimeganda kwenye kitako. Akakibandua. Palikuwa na duara la chai, na ndani ya duara, mstari wa zambarau. Chini yake, kwa mwandiko wa wifi uliolala kidogo: Kifuniko kinadanganya. Ikilala inageuka. Tumia namba kumi na nne.

Aliangalia mlangoni kama hakuna aliyemwona. Akakitia kile kipande kifuani, ndani ya blauzi.

Siku zile tatu alipaka kadi sitini upya, kwa namba kumi na nne, na zikatoka samawati iliyopoa, kama kitambaa. Kila alipoinama kukata, kona ya manila ilimchoma kifuani. Angeweza kukitoa akakiweka kwingine. Hakukitoa.

Mdogo wake alipita siku ya pili. "Dada, umemfanya nini mke wangu? Anapika, anafua, ila hacheki."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anasema dada yako amechoka, tumwache apumzike."

Fundi Kadi anasema angetukanwa angepona haraka zaidi.

Alifikiria kutuma kadi. Si ndiyo kazi yake? Kadi za samahani alishawatengenezea watu mamia: waume waliosahau, marafiki waliochelewa, binti aliyekimbia na gari la baba yake. Akatengeneza moja yenye waridi. Ilikuwa nzuri. Akatengeneza ya pili, yenye utepe, nayo ilikuwa nzuri zaidi, na hapo ndipo akaona haya kuliko mwanzo, kwamba anachagua utepe. Akazikata zote vipande vidogo.

Ijumaa alfajiri ilipopambazuka vizuri alibisha hodi kwa mdogo wake. Wifi alikuwa uani akisuza nguo.

"Karibu, wifi. Kiti kile pale."

"Sikai." Akatoa kipande kifuani, kimejikunja, kimelowa jasho. "Nimeleta chako."

Wifi alikitazama bila kukipokea, mikono imejaa povu. "Nilikiona siku ile ile. Kilikuwa chini ya kikombe."

"Ulikiona, ukanyamaza?"

"Ningesemaje, wifi, na foleni yote ile imetega masikio? Mimi nilikosa alasiri mbili kwa wiki. Wewe ungekosa jina, na wewe huna kingine." Akakamua shati la mumewe mpaka likalia. "Ila sikufurahi. Usidhani nilifurahi."

Fundi Kadi alisimama pale na umri wake wote, hajui aweke wapi mikono. "Karani anapita leo. Twende wote."

"Kufanya nini? La kusema ni lako."

"Usiseme. Nataka tu uwepo."

Wifi alianika nguo zote, moja moja, bila haraka, na Fundi Kadi akampokeza vibanio. Kisha wakaenda.

Karani alizipokea kadi, akaziweka juani, akatabasamu. Foleni ya fotokopi ilikuwepo, wala Fundi Kadi hakumvuta karani ndani. Alisema pale pale mlangoni.

"Siku ile nilisema uongo. Vifuniko havikuchanganywa. Huyu alishaijaribu hiyo kalamu, akaniandikia, akaniwekea mezani. Mimi nikaweka kikombe juu yake. Duara la chai hili hapa." Akamkabidhi karani kile kipande. "Na nilipojua, nilikificha."

Karani alikisoma kile kipande mara mbili.

"Kumbe," alisema. Akamgeukia wifi. "Siku ile nilimwambia mwalimu mkuu nilichosikia, na leo nitamwambia nilichosikia. Jumatatu uje na kopo lako."

Karani alipoondoka, wifi alivaa aproni. Akachukua kile kipande, akakinyoosha kwa rula, akaona hakina jina. Akachovya kalamu nyembamba, akaandika neno moja, akakitundika kwenye ubao mpya aliokuwa ameupigilia misumari karibu na mlango kabla ya mambo ya zile kadi, mstari wa tatu kutoka chini.

"Wifi, sasa si unanitangaza?"

"Ulinitangaza kwa foleni ya siku moja. Hii itakaa."

Siku hizi, alasiri mbili kwa wiki, wifi huwa shuleni na Fundi Kadi hubaki peke yake na ubao. Chai hunywea dirishani, amesimama. Na mteja akiuliza kuhusu ile zambarau, yeye huona haya upya, mkasi huwekwa chini. Kisha huanza kwa maneno yale yale kila mara: "Hicho kikombe kilikuwa changu."